Heparini, Mwani na Mwili wa Muislamu: Tuyajue Haya Kabla ya Kukataa Tiba



Ndugu msomaji, sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake na swahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa maswali yanayofikishwa katika ofisi za misikiti yetu hapa Kariakoo, limo moja ambalo huja daima likiwa na haraka. Mgonjwa amelazwa. Amepangiwa kuwekewa kifaa katika mshipa wa moyo, au kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa kuwa figo zake zimechoka. Mmoja katika familia amesoma katika simu yake kwamba dawa atakayopewa, au utando uliopakwa juu ya kifaa kitakachoingizwa mwilini, asili yake ni nguruwe. Sasa wazee wamegawanyika ukumbini: huyu anasema bora mgonjwa afe akiwa tohara, yule anasema daktari asikilizwe bila kuulizwa lolote. Na mgonjwa mwenyewe, ambaye ndiye mwenye mwili na mwenye amana ya roho yake, amelala kitandani akisubiri wakubaliane.

Juma hili tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu maamuzi yake hayafai kufanywa kwa mara ya kwanza katika varanda ya hospitali. Tutazame kwanza kitu chenyewe ni nini na kwa nini kinahitajika, kisha tutazame sheria yetu inasemaje, kisha tuulize kama Mola wetu hakutuwekea mbadala ulio karibu nasi kuliko tunavyodhani.

Kwa nini kifaa hupakwa utando

Damu ya mwanadamu imeumbwa na tabia mbili zinazoonekana kama zinapingana. Ndani ya mshipa inatakiwa itiririke bila kusimama. Nje ya mshipa inatakiwa igande upesi ili mtu asimwage uhai wake kwa jeraha dogo. Inajuaje kwamba iko ndani au imetoka nje? Inajua kwa kugusa. Ukuta wa ndani wa mshipa umefunikwa na tabaka laini la minyororo ya sukari, nyembamba kupita kiasi, ambalo huiambia damu kuwa iko nyumbani kwake. Damu ikigusa kitu kingine chochote, iwe ni plastiki, chuma au kioo, protini zake hujibandika juu ya kitu hicho katika muda wa sekunde chache, kisha zikafuata chembechembe sahani, kisha bonge la damu.

Hapo ndipo penye mtihani wa matabibu. Kijibomba cha waya kinachopanua mshipa wa moyo, ambacho huitwa stenti, ni chuma. Mipira inayochukua damu ya mgonjwa wa figo kuipeleka katika mashine na kuirudisha ni plastiki. Vyote ni vigeni kwa damu. Bonge likijijenga juu yake, laweza kuziba mshipa uleule uliokuwa unazibuliwa, au likang'oka na kusafiri hadi kwenye mapafu au ubongo. Na balaa la pili ni bakteria. Hao wakipata mahali pa kutua juu ya kifaa hujitengenezea ute wao, nao pia kwa sehemu kubwa ni minyororo ya sukari, wakajificha chini yake mpaka dawa za kuua vijidudu zikawa haziwafikii vizuri.

Kwa hiyo wataalamu walijiuliza: ikiwa Muumba ameufunika ukuta wa mshipa kwa minyororo ya sukari, je, hatuwezi kukivika kifaa vazi linalofanana na hilo? Minyororo hiyo kwa lugha ya kitaalamu huitwa polisakaraidi. Si sukari ya chai. Ni molekuli nyingi za sukari zilizoshikana mkono kama shanga katika uzi. Wanga wa muhogo ni polisakaraidi. Nyuzi za pamba ni polisakaraidi. Ute unaoutoa mwani ukichemshwa ni polisakaraidi. Na heparini, ambayo ndiyo iliyozusha swali letu, nayo ni polisakaraidi.

Pua ya Arfaja

Kabla hatujaenda mbali, tukumbuke kwamba Uislamu haukukutana na jambo hili jana. Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai habari ya swahaba Arfaja bin As'ad, ambaye pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za Jahiliya. Alijitengenezea pua ya fedha, lakini ikaoza harufu usoni mwake. Mtume (s.a.w) akamwamuru atumie pua ya dhahabu.

Zingatia vizuri, ndugu msomaji. Dhahabu ni haramu kwa wanaume wa umma huu. Lakini fedha iliharibika ilipogusana na unyevu wa mwili, na dhahabu haibadiliki kwa urahisi namna hiyo. Mtume (s.a.w) hakumwambia Arfaja aishi bila pua, wala hakumwambia avumilie uvundo. Alimruhusu kilichoufaa mwili wake. Zingatia pia mpangilio wake: Arfaja alianza na kilicho halali, na ruhusa ikaja pale halali ilipomshinda. Mpangilio huu ndio ufunguo wa mambo yote yatakayofuata.

Heparini ilikotoka

Heparini iligunduliwa mwaka 1916 katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na kijana mwanafunzi wa udaktari aitwaye Jay McLean, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Profesa William Howell. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ini, kwa kuwa hapo mwanzo ilipatikana katika ini la mbwa. Hatua baada ya hatua ilisafishwa, na kufikia miaka ya 1930 ilianza kutumiwa kwa binadamu. Mwaka 1953 daktari John Gibbon alipofanikiwa kumpasua mgonjwa moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu, jambo hilo liliwezekana kwa sababu heparini iliizuia damu kuganda ndani ya mashine.

Namna inavyofanya kazi ni ya kustaajabisha. Katika damu yetu imo protini inayozuia kuganda, lakini peke yake hufanya kazi polepole. Heparini ikiishika, kasi yake huongezeka hadi kufikia kama mara elfu moja. Mwaka 1963 Vincent Gott na wenzake walionyesha kwamba heparini yaweza kushikizwa juu ya uso wa kifaa chenyewe, badala ya kudungwa tu katika damu. Utando wao ulikuwa ukichujuka kidogo kidogo. Miaka ya 1980 wataalamu wa Sweden walipata njia ya kuufunga kila mnyororo kwa ncha yake moja tu, hivyo sehemu iliyobaki ikapeperuka ndani ya damu kama jani la mwani lililoshika mwamba huku maji yakilichezesha. Tangu hapo baadhi ya mipira ya mashine za moyo, baadhi ya katheta, mishipa ya bandia, na hata baadhi ya lenzi zinazowekwa baada ya kuondolewa mtoto wa jicho, zimepata kupakwa heparini.

Nayo hupatikana wapi leo? Ukweli usifichwe: sehemu kubwa mno ya heparini inayotumika duniani hutokana na utando wa utumbo wa nguruwe. Zamani ilipatikana pia katika mapafu ya ng'ombe, lakini ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipotokea Ulaya, watengenezaji wengi waliachana na njia hiyo. Na kuitegemea asili moja kumeleta madhara yake hata kwa wasiojali halali na haramu: mwaka 2008 heparini iliyotokana na malighafi ya China iligundulika kuwa imechanganywa na kitu kingine kinachofanana nayo, na makumi ya wagonjwa nchini Marekani wakahusishwa na vifo vilivyotokana na hila hiyo.

Sheria inasemaje

Qur-an tukufu, katika Suratul-Baqara aya ya 173 na mahali pengine, imeharamisha mzoga, damu na nyama ya nguruwe, na katika aya ileile imemwondolea dhambi aliyelazimika bila ya kutamani wala kuvuka mpaka. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu wa mwambao huu tuliyoyasoma, nguruwe mzima ni najisi. Hilo halina mjadala kwetu.

Lakini maulamaa hao hao walilijadili jambo linalokaribiana sana na letu, karne nyingi kabla ya hospitali za leo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, katika kitabu chake Minhaj ambacho wanafunzi wa madrasa za pwani wanakijua, amezungumzia mtu aliyeunga mfupa wake uliovunjika kwa kitu najisi. Hukumu yake kwa muhtasari ni kuwa ikiwa alifanya hivyo kwa kukosa kilicho tohara, basi ana udhuru. Na ikiwa alikuwa na kilicho tohara akakiacha, atatakiwa kukiondoa, isipokuwa akihofia madhara ya wazi. Mafakihi hawakuwa wakizungumzia chakula hapa. Walikuwa wakizungumzia kitu kinachobaki ndani ya mwili wa mtu anayeswali swala tano kila siku.

Ipo njia ya pili ambayo baadhi ya watu huikimbilia, nayo ni istihala, yaani kitu najisi kugeuka dhati yake kikawa kitu kingine. Wanazuoni wa Hanafi wameipanua. Wa Shafi'i wameibana, na mfano wao mashuhuri ni mvinyo uliojigeuza wenyewe kuwa siki. Semina ya tiba na fiqhi iliyofanyika Kuwait mwaka 1995 iliikubali hoja hii katika gelatini. Mimi naona tusiiegemee sana katika heparini. Sababu ni kwamba heparini haigeuzwi kuwa kitu kingine. Hutenganishwa na nyama na kusafishwa, lakini mnyororo unaotiwa chupani ndio uleule uliokuwa katika utumbo. Hoja ya haja na dharura ina msingi ulio imara zaidi, na haimlazimishi mtu wa madhehebu yetu kuyaacha madhehebu yake.

Nayo imeshatolewa uamuzi. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 17 kilichofanyika Makka mwezi wa Shawwal 1424, sawa na Desemba 2003, liliitazama heparini mpya yenye uzito mdogo, ambayo ndiyo sindano inayodungwa tumboni wagonjwa wengi siku hizi. Uamuzi wake kwa maana ni huu: inajuzu kujitibu kwayo pasipokuwepo mbadala wa halali unaotosheleza, au mbadala huo ukiwa unarefusha muda wa matibabu. Wakaongeza sharti zito ambalo wengi hulisahau wanapoupokea uamuzi huo: kusitanuliwe matumizi yake kupita kiasi cha haja, na pindi utakapopatikana mbadala tohara wa uhakika, watu warejee kwake.

Uamuzi huo ulihusu dawa. Utando juu ya kifaa ni kiasi kidogo kuliko sindano, na haja yake mara nyingi ni ileile ya kuzuia damu kuganda. Kwa hiyo kuulinganisha na dawa si jambo la mbali, na masheikh wetu ndio wenye kulithibitisha. Kwa upande wa swala, mgonjwa aliyewekewa kifaa kwa haja asiishi na wasiwasi wa kila rakaa. Hukumu ya mfupa ulioungwa inamtosha.

Mama mjamzito, mgonjwa wa figo, na mwenye vali ya chuma

Tulitie jambo hili katika nyumba zetu ili tuone uzito wake.

Yuko mama mjamzito aliyepata bonge la damu mguuni. Vidonge vya kuzuia damu kuganda vya aina ya warfarini, ambavyo havina asili ya nguruwe, vyaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa katika miezi ya mwanzo. Heparini haivuki kondo la nyuma kumfikia mtoto. Kwa mama huyo, mtu akimwambia atupe sindano na kutumia kidonge cha halali, amemwelekeza kwenye madhara ya mtoto. Na akimwambia aache vyote viwili, amemwacha mama mwenyewe na hatari ya mauti ya ghafla.

Yuko mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kwa kawaida heparini hutiwa katika mzunguko wa mashine. Hapa mlango wa mbadala upo wazi kidogo: kwa baadhi ya wagonjwa, madaktari huweza kusafisha bila heparini kwa kupitisha maji ya chumvi mara kwa mara, au kwa kutumia sitrati. Lakini njia hizo zina masharti yake, zinahitaji uangalizi zaidi, wala hazimfai kila mgonjwa. Ni swali la kumuuliza daktari. Halijibiki kwa kunong'onezana.

Na yuko kijana ambaye homa ya baridi yabisi ya utotoni iliharibu vali za moyo wake, akawekewa vali ya chuma. Huyo anaishi kwa dawa za kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Kuna siku atahitaji kusimamisha vidonge kwa ajili ya upasuaji mwingine, na katika siku hizo chache huenda akadungwa heparini. Kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili ni mwendo mfupi, na tangu taasisi hiyo ianze kazi mwaka 2015, upasuaji ambao watu wetu waliufuata India wanaupata mlangoni kwao. Neema hii imekuja na maswali yake, nasi hatuna budi kuyajibu kwa elimu.

Mbadala ulio baharini

Sasa tuuulize upande wa pili wa uamuzi wa Makka, ule wa mbadala tohara. Je, upo?

Kwa baadhi ya kazi upo, na umetoka mahali ambapo Muislamu hana shaka napo. Qur-an imetuhalalishia vya baharini, na Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali.

Wa kwanza ni alginati, inayotokana na mwani wa rangi ya kahawia. Mkemia wa Kiingereza, Edward Stanford, aliielezea katika miaka ya 1880. Leo hutengenezwa bandeji ambayo ikiwekwa juu ya kidonda chenye majimaji, madini yake ya kalsiamu hubadilishana na sodiamu ya kidonda, na nyuzi zikageuka ute laini usiong'oa nyama mpya wakati wa kubadilisha. Mwenye kidonda cha mguu cha kisukari anajua thamani ya bandeji isiyong'oa nyama. Na jamaa za mwani huo wa kahawia huletwa na mawimbi katika fukwe zetu, tukaukanyaga.

Wa pili ni kitosani. Kitini, ambayo ndiyo mama yake, iligunduliwa na Mfaransa Henri Braconnot mwaka 1811 katika uyoga, na baadaye ikajulikana kuwa ndiyo inayojenga maganda ya kamba, kaa na wadudu. Maganda yakiondolewa madini kwa asidi na protini kwa magadi makali, kisha kitini ikachemshwa katika magadi makali zaidi, hupatikana kitosani. Hii ina chaji chanya, na chembe nyekundu za damu zina chaji hasi; zikikutana hushikamana. Ndiyo maana bandeji za kitosani zilibebwa na askari katika vita vya Iraq na Afghanistan kuzuia damu inayofoka. Hupunguza pia makazi ya bakteria, na watafiti wameipaka juu ya vyuma vya mifupa na katheta kwa lengo hilo. Ndugu zetu wa Hanafi wenye kujizuia na kamba wakumbuke kwamba hapa si suala la kula, na kwamba kitosani huweza kutolewa katika uyoga pia. Mtazame muuza uduvi wa Kariakoo na magunia yake, kisha fikiria maganda ya kamba yanayotupwa kila siku katika soko la samaki la Feri.

Wa tatu ni karajenani, na huyu ni wa nyumbani kabisa. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alihimiza kilimo cha mwani katika pwani yetu. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Walimaji wake wengi ni wanawake, mama zetu na dada zetu wanaoingia majini maji yakipwa, wakafunga vipande vya spinosamu na kotonii kwenye kamba. Mwani huo hukaushwa, hufungwa marobota na kusafirishwa nje, na huko ndiko unakotolewa karajenani ya vyakula, dawa ya meno na bidhaa nyingine. Karajenani ina vikundi vya salfa katika mnyororo wake kama ilivyo heparini, na kwa sababu hiyo watafiti wa tando za vifaa wameitazama kwa hamu.

Lakini uadilifu unanitaka niseme na upungufu. Karajenani haijachukua nafasi ya heparini ndani ya mshipa. Kinyume chake, wanasayansi huidunga katika nyayo za panya maabara kwa makusudi ya kuleta uvimbe ili wapime dawa za kuutuliza. Alginati hufanya vizuri juu ya kidonda, wala haizuii damu kuganda. Kitosani huigandisha damu, kwa hiyo ukiitaka ndani ya stenti umeomba kinyume cha ulichokusudia, mpaka ibadilishwe kwa kemia. Kila polisakaraidi ina kazi yake. Hivyo mtu asije na chupa ya unga wa mwani mtaani akadai kuwa ni heparini ya halali, wala mama asiweke mwani mbichi juu ya kidonda cha mtoto. Bandeji ya alginati imesafishwa na kuuliwa vijidudu. Mwani wa ufukweni haukufanyiwa hivyo. Na mwenye mzio wa kamba amwambie daktari kabla ya kitosani kutumika.

Somo la insulini

Wapo watakaosema: basi tutaishi katika dharura milele. Historia inasema sivyo. Insulini iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na kwa miaka sitini wagonjwa wa kisukari walidungwa insulini ya ng'ombe na nguruwe. Waislamu waliitumia kwa hoja ya dharura. Mwaka 1982 ikaidhinishwa Marekani insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria, na leo mgonjwa wetu wa Buguruni au Mwananyamala hana haja ya kuuliza swali la nguruwe. Dharura ilikadiriwa kwa kiasi chake, kisha elimu ikaja kuifunga.

Asidi ya hayaluroni, polisakaraidi nyingine inayowasaidia wapasuaji wa macho, nayo ilipatikana kwanza katika jicho la ng'ombe mwaka 1934, baadaye katika upanga wa jogoo, na sasa kwa wingi hutengenezwa kwa bakteria. Hata kwa heparini, ipo tayari dawa moja ya kutengenezwa inayoiga kipande chake kidogo tu, fondaparinuksi, ambayo haina mnyama ndani yake. Haifai kwa kila kazi ya heparini, lakini ipo.

Ni nani aliyeleta mabadiliko haya? Walioketi maabara. Maulamaa wetu wamefundisha kuwa elimu ya tiba ni fardhi kifaya: wasipopatikana wa kuitosheleza, umma mzima unabeba dhambi. Mwani tunao, maganda tunayo, wanawake waliochubuka miguu kwa kuvuna mwani tunao. Tunachokipunguzia ni kijana wa Kiislamu wa kike au wa kiume aliyesoma kemia hadi mwisho. Mzazi anayemwambia binti yake kwamba fizikia na kemia si masomo ya mtoto wa Kiislamu, ajue kwamba siku atakapolala kitandani akiuliza sindano hii imetoka wapi, atakuwa anauliza swali ambalo binti yake angeweza kulimaliza.

Familia ifanye nini

Kwanza, mgonjwa asiache dawa wala asikimbie upasuaji kwa sababu ya habari aliyoisoma. Kusimamisha dawa ya kuzuia damu kuganda bila daktari kwaweza kuua katika siku chache. Na katika tukio la ghafla, pasipo nafasi ya kuuliza, apokee tiba na moyo wake utulie.

Pili, penye nafasi, aulize kwa adabu maswali matatu: dawa hii au utando wa kifaa hiki asili yake ni nini? Je, upo mbadala usio wa nguruwe unaopatikana hapa nchini? Na mbadala huo unanifaa mimi kwa hali yangu? Mfamasia anaweza kumsomea karatasi ya ndani ya kisanduku, ambako asili ya heparini kwa kawaida huandikwa. Mbadala ukiwepo na ukamfaa, autumie, kwa kuwa ruhusa ya najisi husimama pale tohara inapopatikana.

Tatu, uamuzi ni wa mgonjwa mwenye akili timamu. Ndugu wamshauri, wasimtishe. Imamu aelezee hukumu, na kuhusu kama mbadala unatosheleza amwachie tabibu mwaminifu anayeijua kazi yake.

Nne, kamati za misikiti zisingojee mgonjwa alazwe. Baada ya Isha, mara moja katika mwezi, tuwaalike madaktari na wafamasia wa Kiislamu, nao ni wengi katika mji huu, wakae na masheikh mbele ya waumini. Familia iliyoyasikia haya ikiwa na afya haitagombana ukumbini siku ya msiba.

Allah (s.w) hakutuwekea uzito katika dini, wala hakuturuhusu kuichezea. Baina ya mambo haya mawili ndipo ilipo njia yetu. Tunamuomba awaponye wagonjwa wetu, awaongoze matabibu wetu, na awatoe miongoni mwa watoto wetu watakaotuondolea dharura hii.

Wallahu a'lam.